Waipa za Marehemu

Kila asubuhi mjane aliingia kwenye gari la marehemu mumewe, akaliwasha pale pale uani, kisha akawasha waipa. Kioo kilikuwa kikavu, kimejaa vumbi. Waipa zilikwaruza, kwaru, kwaru. Zamani sauti hiyo ilimjulisha kwamba mume anaondoka kwenda kazini. Alisikiliza kidogo, akazima, akarudi ndani kuinjika chai.

Siku moja alimpeleka mama mkwe kliniki ya moyo. Mvua iliwakuta njiani. Waipa zikayasambaza maji kioo kizima badala ya kuyaondoa. Mjane hakumwona mtu aliyekuwa akivuka mpaka alipokuwa mbele ya boneti. Akakanyaga breki. Mtu yule aliruka pembeni.

"Unaendesha umefumba macho?" alifoka.

Mama mkwe alimgeukia mjane. "Gari hili sipandi tena. Nimeshazika mmoja."

Lakini kliniki ilikuwa kila wiki, na mvua ndiyo kwanza zinaanza. Mjane alimwita shemeji yake, mdogo wa marehemu, ambaye ni fundi wa magari.

"Shemeji, gari hili halitoki mara kwa mara. Waipa zimechakaaje?"

Fundi alipitisha kidole kwenye mpira. Ulikuwa mgumu, umepasuka ukingoni.

"Ni jua, shemeji. Mpira ukianikwa juani unakauka, gari litembee lisitembee. Na vumbi ni kama msasa. Ukiwasha waipa kioo kikiwa kikavu, unausugua mpira. Au mwenzangu unanolea visu humu?"

Mjane hakucheka. Alimweleza habari ya kila asubuhi.

Fundi aliushika tena ule mpira. "Kazi hii kaka ndiye aliyenifundisha," alisema. "Angekuwepo, hizi angeshazitupa."

"Alizifunga kwa mkono wake."

"Najua. Lakini mama ndiye tuliyebaki naye."

Mjane alizipapasa waipa mara moja. Kisha akasema, "Zitoe."

Fundi alifunga mpya. Akamwonyesha namna ya kufuta vumbi kwenye kioo na kwenye mpira kwa kitambaa chenye maji. Akamwambia aegeshe gari kivulini, na abadili mpira mara unapoanza kuacha michirizi.

Siku ya kliniki mvua ilinyesha tena. Mama mkwe alipanda shingo upande, akashikilia mlango kwa mikono miwili. Mjane aliwaona watu wanaotaka kuvuka tangu wakiwa mbali. Akapunguza mwendo, akasimama. Walivuka taratibu, mmoja akawapungia mkono.

Mama mkwe akauachia mlango. Walipofika kliniki, ilibidi aamshwe.