Mfuko Uliosifiwa Bila Kufunguliwa

Kitu cha kwanza nilichoona ni kwamba picha ilikuwa nyeusi.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi. Nilikuwa nimechuchumaa mbele ya mbabula, jiko letu la makaa, nikipepea moto kwa kifuniko cha ndoo. Mama alikuwa anakanda unga wa mikate ya kukaanga anayouza kando ya barabara. Dada yangu Arielle alikuwa ameketi kizingitini, simu mkononi.

Arielle alimaliza sekondari miaka miwili iliyopita na hakupata kazi. Lakini anaandika. Mtu akifunga ndoa katika mtaa wetu, Arielle ndiye anayeandika hotuba. Mtu akifiwa, Arielle ndiye anayeandika maneno ya kumuaga marehemu. Wiki ile alikuwa ameona ukurasa kwenye mtandao uliotafuta waandishi wa hadithi za Kiswahili, wafanye kazi wakiwa nyumbani kwao. Walitaka kwanza waone hadithi moja. Akaiandika kwa kalamu ya bluu kwenye karatasi nyeupe, akaipiga picha.

Katika simu ileile kulikuwa na picha nyingine. Mlango wetu wa jikoni umekuwa mweusi kwa moshi, na mama hututajia vitu vya kununua sokoni nasi tunaviandika hapo kwa chaki. Arielle huupiga picha mlango huo ili asisahau kitu.

"Glodie, ombea hii kitu pamoja na minye," aliniambia, akitaka tuombe wote wawili. Kwetu hatutumi jambo kubwa bila kuomba. Akafumba macho, akabonyeza.

Mimi nilichelewa kufumba. Chini ya kidole chake nikaona picha ikipanda kwenye simu: nyeusi, yenye mistari myeupe. Kisha ikatoweka, na simu ikaandika kwamba kazi imepokelewa.

Nilifungua mdomo, nikaufunga. Nimezoea kuufunga. Nilipokuwa darasa la tano, mwalimu aliniuliza jina la baba yangu, nikasimama kimya mpaka kengele ikalia. Mwaka ule baba aliangukiwa na jiwe mgodini, nikaacha shule.

Maji ya chai yalikuwa hayajachemka jibu lilipofika. Lilikuwa la Kifaransa kizuri, na Arielle alitusomea kwa Kiswahili, sauti ikimpanda na kushuka.

"Tumesoma hadithi yako kwa makini. Mwisho wake umetutoa machozi sote hapa ofisini. Umechaguliwa kati ya waandishi mia tatu. Mimi, Carlos, mkurugenzi."

Mama aliinua mikono yote miwili, unga ukamwagika hewani. "Mungu ni mukubwa! Mutoto wangu amewaliza Wazungu!"

Mimi nilibaki na kifuniko mkononi. Niliitazama simu ile ndogo yenye ufa, nikastaajabu. Kumbe mtu aliye mbali, ambaye hajawahi kukanyaga vumbi la Likasi, anaweza kukaa mahali fulani na kulia kwa sababu ya maneno yaliyotoka katika ua wetu! Nilisahau kupepea, moto ukafifia.

Jibu la pili lilikuja baba akiwa anafunga viatu. Bwana Carlos alisema kazi iko tayari, inangoja jambo dogo tu: Arielle alipe dola arobaini za kufungua faili lake, kabla ya Jumamosi saa kumi na mbili jioni. Akichelewa, nafasi itapewa mwingine.

Mama alishusha mikono. "Kulipa tena? Si yeye njo mwenye kufanya kazi?"

Baba yetu, Papa Banza, ni mchimbaji. Alicheka kidogo. "Mama Arielle, kazi njo vile iko. Hata kule Kambove, muntu hawezi kuingia ku mugodi bila kulipa ku mulango. Unalipa ya kuingia, kiisha unachimba. Muntu mwenye kuogopa kulipa ku mulango anabaki inje na koleo yake."

Hakuna aliyebisha. Katika ukoo wetu, tangu babu, kila mwanamume amelipa mlangoni.

Pesa za nyumba zilikuwa ndani ya mkebe wa maziwa juu ya kabati. Zilikuwa na jina langu: sare, viatu, madaftari na michango, ili Septemba nirudi shuleni, darasa la sita.

"Na Glodie?" aliuliza mama.

"Glodie atangoja kidogo," alisema baba, bila kuniangalia. "Yaya yake, huyu dada yake mukubwa, akilipwa, atamurudisha shule."

Arielle alinishika mkono. "Weye unasema je, mudogo wangu?"

Niliitikia kwa kichwa. Wakanisifu wote kwa moyo wangu mzuri, na siku mbili nilitembea na ile picha nyeusi kichwani kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa pomoni.

Jumamosi Arielle alinipeleka mjini, mimi nikiwa nimeukumbatia mkebe. Mbele ya ofisi ya komini, manispaa yetu, kuna kibanda cha kutuma pesa kwa simu, na siku hiyo foleni yake ilikuwa ndefu. Kando ya kibanda, chini ya turubai la bluu, huketi Mama Angèle na mashine yake ya kupiga chapa. Kazi yake ni kuwaandikia watu barua: maombi ya kazi, malalamiko ya kiwanja, salamu kwa ndugu walioko Kasai. Ana desturi moja inayojulikana mji mzima. Hakuna barua inayotoka mezani pake kabla hajaisoma kwa sauti mbele ya mwenyewe, toka mwanzo hadi mwisho.

Nilisimama nikitazama vidole vyake. Mzee mmoja alikuwa akimnong'oneza jambo la aibu kuhusu mkwe wake, na mashine ikawa inaligeuza kuwa mistari iliyonyooka, safi, isiyo na aibu yoyote. Tok-tok-tok. Sijawahi kuona ajabu kama hiyo. Neno linatoka kwa mtu likiwa linatetemeka, likifika kwenye karatasi linasimama wima.

Mzee aliondoka. Foleni ilisogea. Mbele ya Arielle walibaki watu watatu.

"Na weye, mama mudogo?" aliniuliza Mama Angèle. "Unataka mashine ao unataka barua?"

Miguu yangu ilikwenda yenyewe. Niliinama mpaka mdomo wangu ukagusa kitambaa chake cha kichwa. "Minye siwezi kusema," nilinong'ona.

"Njo maana niko hapa. Wanaoweza kusema hawaji kwangu. Kwa nani?"

"Kwa yaya yangu. Ni ule mwenye robo ya manjano, pale ku mustari." Nilimwonyesha kwa kidole Arielle na gauni lake la manjano kwenye foleni.

Mama Angèle hakushangaa. Aliingiza karatasi, nikaanza kunong'ona, na mashine ikaanza. Nilipomaliza, aliitoa karatasi, akavaa miwani vizuri. Hapo ndipo nilipokumbuka desturi yake, lakini nilikuwa nimechelewa. Alisoma kwa sauti ile anayotumia kumsomea kila mtu:

"Kwa Yaya Arielle, mwenye robo ya manjano. Siku ya Alhamisi picha uliyotuma haikuwa hadithi. Ilikuwa mlango wetu wa jikoni. Ulikuwa umeandikwa samaki wadogo wa fretin, chumvi, mafuta, sabuni na vibiriti viwili. Bwana Carlos anasema mwisho umewatoa machozi. Mwisho ni vibiriti viwili. Ni mimi, Glodie."

Foleni yote iligeuka. Kijana mmoja aliangua kicheko. "Aba! Vibiriti vya siku hizi vinaliza kweli, haviwake hata kimoja!"

Arielle alitoka kwenye foleni, uso umemwiva. "Glodie! Ju ya nini unanitia haya mbele ya watu? Tangu Alhamisi ulikuwa wapi?"

Nilitazama viatu vyangu.

"Usimugombeze," alisema Mama Angèle. "Labda mutoto anasema kweli, labda macho yalimudanganya. Tutapima. Simu yako iko na mega za kuingia ku mutandao?"

"Iko nazo kidogo."

Mama Angèle alichukua karatasi mpya, akailaza mezani chini ya jua. Haikuwa na alama hata moja. "Piga picha. Mutumie ule bwana, umuambie huu ni ukurasa wa pili wa hadithi yako, umesahau kuutuma. Muulize anauona je."

Arielle alisita, kisha akapiga, akatuma. Safari hii hakufumba macho. Sote tuliitazama karatasi tupu ikipanda. Watu wa foleni walinyoosha shingo.

Jibu lilikuja kabla hata hajaishusha simu. Arielle alilisoma polepole. "Bora kabisa! Ukurasa huu ni mzuri kuliko wa kwanza. Ofisi yote inakupongeza. Usisahau malipo, zimebaki saa nne."

Safari hii hata kijana wa vibiriti hakucheka.

Arielle aliketi kwenye benchi la wateja. Nilidhani atalia. Alisema tu, "Lakini Mama Angèle, baba anasema kila kazi iko na mulango, na ku mulango unalipa."

"Baba yako hajakosea yote," alijibu Mama Angèle, huku akiifuta mashine kwa kitambaa. "Minye naandika hapa miaka ishirini na miwili. Nimelipia karatasi, nimelipia utepe wa mashine, nimelipia meza hii ku komini. Weye utalipia mega, utalipia umeme. Vile ni vifaa vya kazi, na unavishika mkononi. Kuna hata wenye kukuletea kazi, na ukiisha kulipwa wanakata fungu lao. Hao pia wasikutishe, bora ujue fungu ni ngapi mbele ya kuanza. Lakini tangu nizaliwe, hakuna siku nililipa muntu ili aje nimuandikie barua. Mwenye kutaka maneno yako ndiye analipa. Muntu mwenye kukulipisha ili akupe kazi, hana kazi. Kazi yake ni weye."

Aliukunja ule waraka wangu, akampa Arielle. Nilimnyooshea mkebe ili ajilipe. Akaurudisha kifuani pangu. "Peleka hii kitu shule."

Nyumbani, baba alisikiliza habari yote akiwa amesimama. Aliiomba karatasi, akataka Arielle amsomee mara mbili. Kisha akaketi, mkono wake ukipapasa bega lile lililopigwa na jiwe.

"Minye nilikosea," alisema mwishoni. "Nilifikiria mulango, sikufikiria mununuzi. Ku mugodi ukilipa ku mulango, unaona kilima kwa macho yako, unaona watu wanatoka na mifuko. Na ukiisha kuchimba, mununuzi anafungua mfuko wako. Anavunja jiwe, analipima, anabishana na weye mpaka jua linazama. Sijaona hata siku moja mununuzi anasifu mfuko bila kuufungua." Akatugeukia sote. "Wanangu, mushike hii. Sifa ya muntu mwenye hajafungua mfuko wako, msiilipie hata franka. Na mwenye kuona, aseme, hata kama sauti yake ni ndogo."

Mama aliurudisha mkebe juu ya kabati.

Arielle hakuacha kuandika. Asubuhi alikwenda kumsaidia Mama Angèle chini ya turubai, na alasiri alitafuta tena kwenye mtandao. Safari hii kabla ya kutuma aliuliza kwanza nani atasoma na nani atalipa. Wengi hawakumjibu. Baada ya miezi mitatu alijibiwa na mama mmoja anayetengeneza vitabu vya watoto. Hakuomba hata senti. Aliomba hadithi, na ilipofika alikaa nayo siku nne. Ikarudi imejaa alama nyekundu: hapa hukueleza, hapa umerudia, na hapa, tafadhali, kwa nini bibi wa hadithi anatia majivu kwenye sombe, yale majani ya muhogo?

Arielle alizitazama zile alama nyekundu, machozi yakamtoka. Mama akaogopa. "Wameikataa?"

"Hapana, mama. Wameisoma."

Nilisogea nikazitazama na mimi. Mtu ambaye hatutaona uso wake alikuwa amekaa na kila mstari, neno kwa neno, mpaka akafika kwenye chungu cha bibi na kutaka kujua kilichomo. Nilistaajabu kuliko siku ya sifa za Bwana Carlos. Baada ya kusahihisha, Arielle alilipwa. Pesa hazikuwa nyingi, lakini zilikuja kwetu, hazikutoka kwetu.

Sasa niko darasa la sita. Nina miaka kumi na sita, na magoti yangu hayaingii chini ya dawati. Mwalimu wetu, Bwana Gracien, alitutaka kila mmoja aandike jambo lililomfundisha kitu, kisha asome mbele ya darasa. Nimeandika hili, na ninalisoma kwa sauti yangu mwenyewe, bila mashine ya Mama Angèle.

Limebaki jambo moja ambalo sikuliandika katika barua ile, wala sikumwambia mtu. Kila mtu nyumbani anaamini kwamba siku zile mbili nilinyamaza kwa sababu ya haya. Si kweli. Hadithi ya Arielle, ile ya kwenye karatasi nyeupe, ilikuwa juu ya msichana asiyesema. Ilikuwa juu yangu. Niliona picha nyeusi, nikajua, na nikanyamaza, kwa sababu nilitaka sana iwe kweli kwamba kuna mtu mahali fulani amenisoma mpaka mwisho, akalia.