Manemane ya Mzee Warsame

Vuli ya mwaka 1960, kila Mwatima alipotoka skuli kazi yake ilikuwa moja: kulinda karafuu zilizoanikwa majamvini uwanjani kwao, kijijini Ole. Wingu likitanda, aziingize ndani. Kazi nyepesi, lakini Mwatima hakuwa mtu wa kutulia. Jumatatu moja alitoroka kwenda kucheza kwa shoga yake Mwanamize. Mvua ikanyesha, karafuu za wiki nzima zikalowa chapachapa.

"Ulikuwa wapi weye?" akauliza baba yake, Mzee Ngwali, na kiboko kiko mkononi.

Uongo ukamtoka Mwatima upesi. "Nlikimbia, baba. Kapita ntu mrefu na kikapu. Nliogopa ni mumiani."

Siku zile jina la mumiani, mnyonya damu anayedaiwa kuuza damu za watu kuwa dawa, liliwatisha hata wanaume wenye ndevu. Baba akasahau karafuu. Kufika magharibi habari ilikuwa imeenea Ole nzima, na kila mdomo ulimwongezea mumiani huyo kisu.

Kesho yake skuli, Mwalimu Soud alitundika ramani. "Hii ni Somalia. Mwaka huu imepata uhuru. Sehemu iliyotawaliwa na Waingereza na ile iliyokuwa chini ya Waitaliano zimeungana. Ni nchi kame, watu wake wengi wanafuga ngamia. Ina miti ya ubani na ya manemane. Mti huchanjwa kwa kisu, utomvu ukatoka na kukauka. Madonge ya manemane huwa mekundu yaliyokoza, na ni machungu kama shubiri."

Mchana, Mwatima alipokuwa akirudi nyumbani, alikuta watu wamejazana njiani na fimbo. Katikati yao amepiga magoti mzee mrefu, mgeni. Alikuwa Mzee Warsame, Msomali mchuuzi aliyefika Ole siku ile kwa mara ya kwanza. Jirani yao Hamad alikimwaga kikapu chake, na madonge mekundu yakaviringika matopeni.

"Damu za watu hizi," Hamad akasema.

Mpini wake wa jembe ukamshukia mzee mkononi, na mfupa ukasikika ukivunjika. Pigo la pili likampasua kichwa. Damu ikamwingia machoni. Mtu akampiga teke la mbavu, mwingine akamvuta ndevu.

"Mimi Mwislamu mwenzenu," mzee akasema, akaanza kutoa shahada. Fimbo hazikungoja amalize.

Ngwali akapenya na panga. Alipomwona binti yake, akamuuliza, "Ndiye huyu?"

Mwatima akinyamaza, mzee atakufa. Akisema, kiboko kinamngoja. Akajitupa mbele ya panga.

"Simjui, baba. Sikuona ntu. Nlikwenda kucheza, karafuu zikarowa, nkasema uongo. Na hiyo si damu, ni manemane. Mwalimu katusomesha leo."

"Ntoto kashatishwa huyu," Hamad akasema, akainua tena mpini.

Mwatima akaokota donge matopeni, akalitia mdomoni, akalitafuna mbele yao. Machozi yakamtoka kwa uchungu wake. Akamnyooshea baba yake kipande. Ngwali alikilamba, akatema, panga likamponyoka. Hamad akauficha mpini nyuma yake, na watu wakaanza kutazama chini.

Mzee Warsame alibebwa kitandani hadi hospitali. Hakufa, alhamdulillahi, ila mkono ule haukunyooka tena.

Jioni Mwatima alingoja kiboko.

"Karafuu zitachumwa nyingine," baba yake alisema. "Mie leo nlikuwa niue ntu kwa neno lako, na nlikimbilia panga kabla ya kuuliza. Tumekosa sote wawili. Uongo wako uliingia nyumba zote za Ole bila ya kuchoka. Basi mzee akipona, tutambebea kikapu chake, mie na weye, tubishe hodi nyumba hizo hizo moja moja. Kwenye kila mlango useme kweli kwa kinywa chako, nami nitasema yangu."

Mzee alipopona, walianzia nyumbani kwa Hamad.