Taa Iliyowaka Bila Betri

Waliokuwapo gerejini alasiri ile ya mvua walikuwa watano. Wa kwanza ni mwenye gereji, ambaye wote walimwita Mzee Bolti, kwa ufupi wake na kwa kuwa hakulegea. Wa pili ni mchomeleaji, Cheche. Wa tatu ni fundi wa umeme wa pikipiki. Huyu hakuwa na jina la utani, aliitwa Fundi tu, kana kwamba wengine mle ndani walikuwa vibarua. Wa nne ni mjane wa dereva wa pikipiki, marehemu Polepole. Wa tano ni mganga, mwanamke mtu mzima mwenye viatu vya mvua, ambaye mjane alimwita Shangazi kwa sababu ndivyo alivyokuwa: dada wa baba yake.

Pikipiki ya marehemu ilisimama katikati juu ya stendi yake. Kiti kilikuwa kimeng'olewa. Betri ilikuwa mezani, mbali, haijaunganishwa na chochote. Na taa ya mbele ilikuwa inawaka.

Haikuwaka sana. Ilikuwa na wekundu wa kaa lililofunikwa jivu.

"Labda kuna umeme umebaki kwenye nyaya," Cheche alinong'ona.

"Umeme si maji, useme umebaki kwenye mpira," Mzee Bolti alimjibu. "Wewe choma vyuma vyako."

"Nitachoma vipi, Mzee, na pikipiki yenyewe inanikodolea jicho?"

Mjane hakucheka. "Nyumbani inawaka kila magharibi tangu tulipozika," alisema. "Majirani wameniambia niiondoe. Lakini mimi sikuja kuiondoa. Askari walisema mume wangu aliendesha bila taa, wakasema ni uzembe. Mtu ambaye abiria walimkimbia kwa kuchelewa! Nataka mmoja wenu aniambie kwa nini taa ile ilizimika."

Fundi aliinama akachukua mita yake ya kupimia umeme. Alijua kwa nini.

Katika gereji ile palikuwa na desturi waliyoiita kuazima kwa kupima. Betri ya pikipiki isipojaa, mara nyingi kosa huwa kwenye rektifaya, kile kifaa cha bati chenye mapezi kinachogeuza umeme wa injini na kuupima kabla haujafika kwenye betri. Kabla ya kumnunulisha mteja kipya, fundi huazima kizima kutoka pikipiki ya jirani, hukifunga, hupima. Chaji ikipanda, kosa limejulikana. Kisha hurudisha. Kurudisha ndiyo desturi yenyewe.

Polepole alikuwa ameleta pikipiki yake kubadilisha mnyororo. Pikipiki ya Fundi mwenyewe ilikuwa haichaji. Fundi aliazima rektifaya ya Polepole, chaji ikapanda vizuri, na Polepole akaingia mlangoni kabla ya wakati, akiwa na haraka kwa mara ya kwanza maishani mwake. Fundi alimfungia ile mbovu, akamwacha aende. Siku chache baadaye Polepole alirudi kulalamika kwamba taa inafifia akipunguza mwendo. "Betri yako imechoka, kaka," Fundi alimwambia. "Vumilia mpaka mwisho wa mwezi." Polepole alivumilia. Taa ilimzimikia kwenye kona, mbele ya lori.

Sasa Fundi aligusa ncha za waya za betri kwa mita. Ilisoma sifuri. Alifungua taa, akagusa soketi ya globu. Volti kumi na mbili. Alirudi kwenye ncha: sifuri. Alirudi kwenye globu: kumi na nne.

"Inapanda," alisema.

"Nani anaipandisha?" Mzee Bolti aliuliza. "Injini haijawashwa."

Hapo harufu ikaja, ya mpira wa waya unaoungua taratibu, na chini yake harufu nyingine, ya damu iliyokauka juu ya lami yenye joto, na ingawa hakuna aliyeigusa pikipiki, honi yake ilianza kulia kwa chini sana, si mlio wa kuita mtu apishe bali kama mtu anayelia amefunika mdomo kwa kiganja, huku usukani ukigeuka peke yake, kidogo kidogo, ukipita kwa Cheche aliyebana ukutani, ukipita kwa Mzee Bolti, ukipita kwa mjane bila kumuumiza macho, mpaka mwanga ukasimama juu ya kifua cha Fundi, ukaacha wekundu wake, ukawa mweupe.

"Msikimbie," Shangazi alisema kwa kunong'ona. "Anayekimbia anafuatwa."

"Ni yeye?" mjane aliuliza. "Shangazi, ni mume wangu?"

"Mumeo yuko kwa Mola wake, mwanangu, usimwonee. Huyu ni jini wa njiani. Alikuta damu mbichi akainywa, na jini akinywa damu ya mtu hubeba kisasi cha mtu huyo. Hataki ubani wala kuku. Anataka kusikia ukweli." Aligeuka. "Fundi, baba, anakutazama wewe. Sema."

Fundi alipiga hatua kuelekea mlangoni. Mwanga ulisogea naye.

"Rektifaya," alisema hatimaye. "Ya Polepole iko kwenye pikipiki yangu. Nilimfungia yangu. Ilikuwa mbovu."

Mvua ilisikika juu ya mabati. Mzee Bolti alivua kofia.

Mjane alimsogelea mpaka nyuso zao zikakaribiana. "Uliniletea maji ya kunywa msibani, shemeji. Sasa niambie jambo moja tu. Ulisahau, au ulijua?"

Honi ilinyamaza, ikasubiri.

"Nilisahau," Fundi alisema. "Wallahi, shemeji, nilisahau."

Taa ilizimika papo hapo.

Cheche alishusha pumzi, akaanza kucheka kama mwendawazimu. "Ametoka! Shangazi, ametoka!"

"Ametoka humu," Shangazi alisema. Hakuwa anaitazama pikipiki. Alikuwa anamtazama Fundi, na taratibu alirudi nyuma hatua kadhaa, akamvuta mjane kwa mkono.

Walifanya kazi iliyobaki. Fundi alifungua rektifaya kwenye pikipiki yake, akairudisha kwenye ya marehemu. Walifunga betri, wakawasha injini, taa ikawaka ilivyopaswa, ikazimika kwa swichi. Mjane alisema kesho atakwenda kwa askari pamoja na Mzee Bolti, na jina la mumewe litasafishwa. Ile mbovu Mzee Bolti aliiponda kwa nyundo. Alimpa Fundi mpya, ndani ya boksi lake. "Utafika kwako salama," alisema, "lakini kesho usije kazini." Fundi aliifunga mwenyewe, akapima: volti kumi na nne, haikosei. Alipoipanda pikipiki aligeuza kichwa, akanusa bega lake la kushoto.

"Mnasikia mpira unaungua?" aliuliza.

Hakuna aliyesikia harufu yoyote. Aliondoka magharibi ikiingia, mvua ikiwa imekatika, taa yake ikimulika njia nzima.

Asubuhi Mzee Bolti alikwenda kwa mjane, kama walivyoagana. Alisimama mlangoni, akakataa kiti. Alisema safari ya kwa askari ingengoja kidogo, kwa kuwa gereji ilikuwa na maziko. Fundi alifariki jana jioni, akiwa njiani kwenda nyumbani kwake.