Kilichomkalia Syokau Kifuani

Jumapili hiyo viatu vya kanisani vilikataa kuingia miguuni mwa Syokau. Bintiye Kavindu alimbonyeza mguu, kidole kikaacha shimo lisilojaa upesi. Wakaenda ibadani na malapa.

Kisha kikaja kitu. Syokau akilala chali tu, mchana kweupe, hapo kwao Witeithie magari yakivuma barabarani, kinamkalia kifuani. Akiketi, kinaondoka. Akaanza kulala ameegemea mito mitatu, na bado anashtuka akihema, jasho baridi likimtoka.

"Ni jini," Kaleli, kakake Kavindu, alinong'ona. "Si hicho kitanda kilitoka kwa mtu wa Mombasa?"

Wakakichoma uani. Kitu kikabaki.

Nabii wa kanisa lao aliweka sikio mgongoni mwa mgonjwa, akasikia maji yakitokota humo ndani, akaruka nyuma. Akabariki mtungi wa maji ya chumvi: kikombe asubuhi, kikombe jioni, na dawa zake za presha alizozoea kumeza ziwekwe kando imani ifanye kazi. Mnyweshaji akawa Kavindu. Alimpenda sana mamake, kwa hivyo hakukosa hata siku moja.

Na kila kikombe kiliposhuka miguu ilizidi kuvimba, na ile sauti ikapanda kutoka mgongoni hadi kooni, ikasikika sebuleni, ikasikika mpaka jikoni redio ikiwa imewashwa, hadi alasiri moja Syokau akakohoa povu la rangi ya waridi kwenye leso, midomo ikageuka kijivu, akamtazama bintiye kama mtu anayezama, na Kavindu akasimama tu na kikombe mkononi, asihisi chochote.

Jirani yao Waruguru ndiye aliyeita teksi.

"Ni maji kwenye mapafu," daktari wa Thika alisema. "Moyo umeshindwa kusukuma. Miguu kuvimba, kushindwa kulala chali, hilo povu, zote ni dalili. Mngemleta mapema. Na hayo maji ya chumvi aliyonitajia jirani yenu, kwani nani anampa?"

"Ni mimi," Kavindu akajibu. Sauti ilikuwa yake, lakini aliisikia kwa mbali.

Sindano zilimkojoza Syokau siku kadhaa, akalala chali, akapumua kimya. Kavindu alimweleza kila kitu, polepole. Mamake alisikiliza, akamshika mkono, akasema, "Asante kwa kunilisha imani, mwanangu."

Jumapili iliyofuata Syokau alisimama mbele ya kanisa kushuhudia. Jini limetoka, akasema, limeshindwa na maji ya chumvi. Nabii akamjazia kikombe, eti akifunge kifua lisirudi.

"Mwaitu, mama yangu, usinywe," Kavindu alisema, lakini kwa sauti ndogo mno, na kinanda kilikuwa kimeanza.

Syokau alikunywa yote. Waumini wakainuka wakipiga makofi, Kaleli akilia kwa furaha, na Kavindu akaona mikono yake mwenyewe imeinuka, nayo inapiga.