Waliobaki Ukutani

Jioni hiyo Louis Mukalay alitoka kutafuta makala, mkaa wa kupikia, ingawa upishi wake ulikuwa umewahamisha hata panya. Mwanamume aliyezunguka na kamera kutoka Kisenge mpaka Dilolo akashindwa na bukari, ugali tu!

Ilikuwa mwaka wa tisini na tatu, mwaka wa kuwafukuza watu wenye asili ya Kasai. Mkewe Ntumba alizaliwa hapa hapa Kolwezi, lakini baba yake alitoka Kasai, basi naye akapandishwa treni pamoja na wenzake. Louis alibaki kulinda studio, akiahidi kumfuata. Tangu hapo, habari hakuna. Mtaa mzima milango wazi, hata mbwa wa kubweka hakuna.

Kabla ya kuondoka, majirani walimletea picha zao.

"Tata Louis, utubikie hizi. Mu treni zitaharibika."

Akawatunzia. Akazitundika ukutani, kila mtu na fremu yake.

Halafu picha zikaanza kutembeleana.

Kwanza, picha ya harusi ya Rémy Kankolongo ilipata mgeni: Mianda, muuza samaki, ameketi na beseni lake kwenye benchi la wakwe. Katika fremu ya Mianda likabaki pazia tupu. Louis akacheka, akalaumu dawa zake za kusafishia picha. Akaja mwingine. Akaja mwingine tena... Watu ambao hapa mjini hawakusalimiana, sasa wameshikana mikono. Louis, asiye na wa kuongea naye, akazoea kuwatakia usiku mwema.

Jioni hiyo akapitia studio na gunia lake la makala, aisalimie picha ya Ntumba, nayo ilitundikwa ukutani. Mkono ulikuwa kwenye kufuli alipofika Mama Godelieve, jirani pekee aliyebaki.

"Tata Louis, iko habari," akanong'ona. "Mianda haiko tena. Alikufa mu treni, mbele ya kufika Kamina."

"Na Rémy?"

"Rémy njo yeye alitangulia. Na bibi yake wa ile harusi... Ee, Tata, umeangusha makala!"

"Njaa, mama. Weye haujaonja bukari yangu."

Godelieve hakucheka. Akaenda zake.

Louis akaingia.

Harufu ya dawa, kali kama siki. Na chini yake... moshi wa treni.

Akawasha kiberiti.

Ntumba alikuwepo. Ndani ya fremu yake, kidevu juu, kama anayetaka kumgombeza mpiga picha.

"Uko, mama," Louis akasema, machozi yakimtoka. "Uko muzima."

Kwiii...

Benchi la wakwe, likiburutwa.

Akageuza kiberiti. Katika picha ya harusi hakuna aliyekuwa akitazama kamera tena. Wote walimgeukia Ntumba, kwa upole, kama jamaa wanaopokea mgeni stesheni.

"Bado," Louis akawaomba. "Tafazali. Bado."

Kwiii...

Walikuwa wanasogea. Wanapisha.

Moto ukamuunguza kidole. Giza. Akaipapasa fremu ya Ntumba, akaitoa msumarini, akaikumbatia kwa nguvu zote. Mkono mmoja ukawasha kijiti kingine kwa shida.

Nafasi kwenye benchi ilikuwa ya watu wawili.

Akimbie, alijua. Ampeleke Ntumba mbali na ukuta ule, usiku huu huu. Lakini nje kulikuwa na mtaa usio na mtu. Na hapa, kwa mara ya kwanza tangu treni iondoke, palikuwa na watu waliomwekea kiti.

Mlango ulikuwa wazi nyuma yake.

Miguu haikugeuka.