Shilingi ya Simu Iliyomeza Hija ya Mama

Nina miaka thelathini na minane, nina binti mmoja, na niliachwa na mume zamani. Naishi Likoni katika nyumba ya mama aliyenizaa. Wasomaji wenzangu, nawaomba msikimbilie kunicheka... Nami niliwacheka wengi kabla yangu. Nikisikia mtu kaibiwa kwa simu, nilisema, mjinga huyo! Leo mjinga ni mimi.

Mama yangu huuza mahamri na mbaazi barazani kwetu tangu nikiwa mdogo. Alikuwa na haja moja tu duniani, kwenda Hija. Hakutaka dhahabu wala nyumba ya ghorofa. Kila jioni alitenga kidogo akakiweka ndani ya kasha aliloachiwa na nyanya, chini ya kanga zinazonukia udi. Benki hakutaka hata kuisikia. Alisema pesa za Hija hazilali kitanda kimoja na riba.

Lakini hata kasha lilishamuumiza. Serikali ilipobadilisha noti za zamani, mama alikuwa mgonjwa kitandani, akachelewa kuzipeleka, na noti zake kadhaa zikageuka makaratasi. Alilia kama aliyefiwa! Tangu hapo, akisikia habari ya pesa mpya, moyo humwenda mbio.

Yakumbukeni hayo mawili, riba na zile noti. Adui aliingilia hapo hapo.

Nitamwita Fadhili, ingawa si jina lake. Alianza kama mteja. Alifika kila asubuhi, shati limepigwa pasi, akamwamkia mama kwa adabu zote, akala mahamri yake na kushukuru. Alisema anafanya kazi Port Reitz, katika ofisi inayoandikisha watu kwa ajili ya shilingi ya kidijitali ya serikali. Si zile pesa za simu tulizozoea, alieleza, zile ni za makampuni. Hii ni shilingi ya serikali yenyewe, isiyo noti wala sarafu, na sheria yake iko njiani.

Haikupita miezi mingi akaleta posa! Wazee watatu waliovaa kanzu nyeupe, na sinia ya halua. Mmoja wao, aliyesema ni ami yake, aliomba dua ndefu mpaka mama akatokwa na machozi. Mimi niliyeachwa miaka yote hiyo, naposwa kama mwari! Mngekuwa mimi, mngeshuku nini?

Posa ilipokubaliwa ndipo alipoanza habari ya kasha, alilosimuliwa na mama mwenyewe akila mahamri. Alimwambia mama kwamba sheria ikipita, noti zitapewa muda mfupi kisha zifutwe, na atakayechelewa asimlaumu mtu. Mama akauliza, "Na riba je, mwanangu?"

"Haina riba, mama, wallahi. Haizai hata senti moja. Waweka shilingi, wakuta shilingi."

Jamani! Matapeli wote niliowahi kuwasikia waliahidi faida. Weka moja, uvune tatu. Huyu hakuahidi chochote! Sisi tulilelewa kuiogopa faida ya bure, basi asiyeahidi faida tukamwona mja mwema. Mama alisita, mimi ndiye niliyemsukuma. Mimi ndiye niliyelifungua kasha, nikamkabidhi mchumba wangu bulungutu lote la Hija, naye akazitia hizo shilingi zake katika simu yangu.

Kwenye kioo kulitokea nembo ya taifa, simba wawili na ngao yenye jogoo. Chini ya jogoo, hesabu ya mama. Mama hakusoma skuli lakini tarakimu anazijua, ni mfanyabiashara. Kila asubuhi akishaepua mahamri ya mwisho huniita, "Hebu nionyeshe jogoo wangu." Namwonyesha. Anacheka, anarudi jikoni. Nami kwa majivuno nikaipiga picha nembo ile na hesabu yake nimtumie shoga yangu.

Siku za nikahi zikikaribia, simu ya Fadhili ikazimwa. Kesho yake na jogoo naye akakataa kufunguka... Nilibonyeza mpaka kidole kikauma. Nilikwenda Port Reitz, nikauliza duka kwa duka, mlango kwa mlango. Hakuna aliyeijua ofisi hiyo wala mtu huyo.

Halafu siku moja, soko la Kongowea, nikitafuta vitunguu vya bei nafuu, nikamwona yule ami wa Fadhili! Hana kanzu, jasho linamchirizika, anasukuma mkokoteni wa magunia. Aliponitambua aliinamisha kichwa. Akanieleza kwamba yeye ni hamali wa sokoni, na kwamba yule kijana aliwalipa, yeye na wenzake wawili, wavae kanzu za kuazima waje kukaa kwetu.

"Alisema hana wazee, dada. Nikadhani aoa kweli."

"Na ile dua?" nikamuuliza.

"Dua ilikuwa yangu. Ile sikulipwa."

Niliketi juu ya gunia la watu nikalia mbele ya soko zima.

Nilikwenda benki, ile ile tuliyoikimbia kwa ajili ya riba. Afisa alinisikiliza kwa upole, akaniambia serikali haijatoa shilingi yoyote ya kidijitali. Jambo hilo lilizungumzwa, watu wakaulizwa maoni, basi. Ingetolewa ingetangazwa nchi nzima, isingeletwa barazani na mchumba! Polisi nao waliandika maelezo yangu. Hadi leo nangoja.

Je, nilimwambia mama? La! Ningeanzia wapi? Habari ya nikahi nikaipoza, nikasema mchumba wangu kapelekwa mbali kikazi, tungoje. Tangu asubuhi ile jogoo alipokataa kufunguka, mama aliponiita nimwonyeshe, nilimfungulia ile picha. Akacheka, akarudi jikoni. Nikaona nimepata pumzi... kumbe ndiyo kwanza najichimbia kaburi.

Kwa sababu mama hakuacha kuweka akiba. Kila wiki alinipa pesa za mahamri, "Tia na hizi." Nazo nilizifanya nini? Mwanamume mmoja alinipigia akasema yeye ni wa mamlaka inayosimamia pesa za kidijitali, wamemkamata mwizi wangu, pesa zipo, zataka ada tu ili zifunguliwe. Nikamtumia jasho la mama! Ada ya kwanza, ada ya pili, ada ya muhuri. Nilikuwa kama anayezama, nashika hata povu. Mwishowe naye akazima simu.

Kisha kiongozi wa msafara wa Hija akapita mtaani kuandikisha majina. Mama akavaa buibui lake jipya, akaniita chumbani. "Haya, zitoe sasa."

Nilianguka miguuni pake. Nilisema yote, mchumba, hamali, picha, ada... Nililia mpaka sauti ikakauka. Nilingoja anilaani. Heri angenilaani!

"Inuka," alisema. "Nalijua zamani. Kila wiki nakupa, na hisabu haipandi. Jogoo gani huyu, alishwa asinenepe? Nalikuwa nangoja uniambie mwenyewe."

Miezi yote ile alikuwa akinipa nafasi, kila wiki, kwa mkono wake. Nami kila wiki nilimdanganya usoni.

Ndugu zangu, nawasihi! Pesa mpya ya serikali ikija kweli, itakuja mchana kweupe, na sheria yake itajulikana kwa kila mtu. Mtu akikuharakisha, muulize ametumwa na nani, kisha nenda benki ukaulize tena. Msidhani mwizi lazima aahidi faida. Na ukishaibiwa, sema siku hiyo hiyo, kwa maana wizi wa Fadhili ulichukua pesa tu, lakini uongo wangu...

Mama ameanza upya. Macho yameingia ukungu, mikono yatetemeka, lakini alfajiri yuko jikoni akikanda unga. Kasha lina pesa kidogo tena. Hunipakulia chakula, huniombea dua, hata hunitania kama zamani. Ila ufunguo wa kasha ameufunga kwa uzi shingoni, na hata akienda kuoga huenda nao.