Mkono wa Kushoto wa Fundi

Kila asubuhi, kabla ya chai, mke wa Fundi alimwamsha mumewe kwa namna ileile. Alifunua shuka, akaiteremsha miguu yake, akasimama mbele yake. Kisha aliushika mkono wa kushoto, ule uliopooza, akavuta kwa nguvu zake zote mpaka Fundi asimame.

Fundi alikuwa seremala. Shinikizo la damu alikuwa nalo kwa miaka mingi, na dawa alimeza siku alizokumbuka. Miezi minne iliyopita alipata kiharusi. Upande wa kushoto ulilegea, kisha ukaanza kukakamaa. Vidole vilijikunja kama vimeshika msumari. Maneno yalimtoka mojamoja, mengine hayakutoka kabisa.

Sasa Fundi hakutaka kuguswa. Mkewe akimkaribia tu, alikunja uso na kumsukuma kwa mkono mzima. Juzi alimwaga beseni zima la maji ya kuoga. Mke alipiga deki akilia kimya. Alidhani mumewe amemchoka.

Kaka yake Fundi akasikia. Alikuja, akakaa, akasema nyumba hii imeshindwa kumtunza ndugu yake. Jumamosi angekuja na gari kumchukua.

"Kwangu ataoga atake asitake," alisema.

Fundi alitazama ukutani.

Zilibaki siku tatu. Mke alimwendea jirani yao, muuguzi, ambaye mtaa mzima humwita Sista. Alimweleza yote, hata la beseni. Sista hakuuliza habari za hasira. Aliuliza, "Unamnyanyuaje?"

Wakaenda chumbani. Mke aliushika mkono, akaanza kuvuta kama kawaida yake. Fundi alifumba macho na kuuma meno.

"Acha hapo," Sista alisema. Aliweka kidole kwenye bega la kushoto. "Baba, ni hapa?"

Fundi aliitikia kwa kichwa. Chozi likamtoka.

Mke alikaa sakafuni. "Kumbe ni mimi," alisema. "Miezi yote minne, ninayemuumiza ni mimi."

"Ulimsaidia bila kuonyeshwa," Sista alimjibu. "Misuli inayoshika bega imelegea. Ukivuta mkono, bega linateguka kidogokidogo. Akiumia, misuli inazidi kukaza. Na wewe, Baba, si ungemng'ata tu, tukajua mapema?"

Fundi alicheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Sista akawafundisha. Mkono uwekewe mto, akikaa na akilala. Akitaka kusimama, asogee ukingoni mwa kitanda, arudishe miguu nyuma kidogo, ainamishe kifua mbele. Mke amshike kiunoni, kwenye mkanda wa suruali. Vidole vinyooshwe polepole, bila kulazimisha. Vikikataa, mke asubiri kwanza. Kitambaa cha maji ya uvuguvugu kinasaidia, lakini maji apime mke kwa kiwiko chake, maana ngozi ya upande ule inaweza kuungua bila Fundi kuhisi. Dawa za maumivu wasijinunulie tu dukani, kwa kuwa nyingine hupandisha shinikizo. Waulize kliniki, na bega likapimwe hukohuko. Dawa za shinikizo ni kila siku, hata siku anayojiona mzima.

Siku ya kwanza Fundi alijaribu mara tano, akarudi kitandani mara tano. Siku ya pili alisimama mara moja, kwa muda mfupi tu.

Jumamosi gari likapiga honi. Shemeji aliingia, funguo mkononi, akainama kuushika mkono wa kushoto. Mke akaingia katikati.

"Shemeji, mkono huo hauvutwi."

"Leo unanifundisha kumshika ndugu yangu?"

 Mke alishika mkanda. Fundi alirudisha miguu, akainama mbele, akajiinua. Akarudi chini kwa kishindo. Shemeji alitazama saa yake.

Fundi akainama tena.  Mke alihisi uzito wake ukimwondoka mikononi, taratibu, mpaka Fundi akawa wima.

Shemeji alinyoosha mkono kuelekea mlangoni, waende garini. Fundi alilitafuta neno. Midomo ilihangaika. Wote wawili walimsubiri.

"Na-ba-ki," alisema.

 Shemeji aliweka funguo mezani, akavua koti, akaomba aonyeshwe namna ya kushika mkanda.